Uzito wa Baba

Kwetu mimi ndiye niliyejulikana kwa kutopenda kitu. Samaki akiletwa mlangoni na jicho lake halikunipendeza, hurudi alikotoka. Nguo ya Idi ikishonwa upande, fundi huifumua nikiwa nimesimama. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso na sijaukunjua bado. Ndiyo maana kaka yangu alipofungua duka la vifaa vya mazoezi Mombasa, mtu wa kwanza aliyemtaka maoni alikuwa mimi. Alisema kitu nikikisifu mimi, kimesifika. Nikamjibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akacheka, na mashine akaileta vilevile.

Aliileta kwa ajili ya Baba. Mimi nilikuwa wa kuikagua tu.

Baba alikuwa mtu mzito, na sisemi hivyo kwa kumvunjia heshima, kwa sababu mwenyewe aliringia mwili wake. Aliketi dukani kwake kati ya majora ya vitambaa, na wateja walisema duka limejaa hata kabla hawajaingia. Mama alimtania kwamba punda wa mtaa wakimwona hugeuza njia. Kisha magoti yakaanza kumsaliti. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, tunakaa juu, na ngazi zake ni kali, kila kipandio na kimo chake. Adhuhuri moja alipokuwa akirudi kutoka dukani, magoti yalimgoma katikati ya ngazi. Akaketi pale, hawezi kupanda, hawezi kushuka. Wanaume wanne wakaitwa kutoka barazani, wakamtia kwenye kiti na kumpandisha, huku wakimgonga ukutani na kuamrishana kila mtu lake. Walipomweka juu hakuwashukuru. Akamwambia Mama:

"Sibebwi tena. Nikibebwa, iwe ni siku ya kwenda kuzikwa."

Daktari alitwambia mambo mawili: apunguze mwili, na miguu itiwe nguvu. Tangu hapo Baba hakushuka. Msikiti uko karibu na mlango wetu kiasi kwamba adhana hutikisa vikombe, naye akawa anaswali kwenye kiti, dirishani. Siku nyingine alivumilia, lakini Ijumaa ilimuuma. Alivaa kanzu, akajipaka uturi, akaketi kusikiliza hotuba ikipanda kutoka chini, na mtu yeyote akimsemesha wakati huo hamjibu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, ashuke zile ngazi kwa miguu yake aende Ijumaa.

Mashine ilifika Mokowe kwa lori, ikavuka kwa boti, ikapanda mtaani juu ya punda. Sanduku likakataa kona ya ngazi. Ikabidi tulifungue pale dakani, mlangoni pa nyumba, na watu wakakusanyika kutoa hukumu. Mzee wa nyumba ya pili alisema ni ngazi iliyochoka kusimama ikaamua kulala. Hakukosea sana. Ni reli mbili za chuma zilizoegemezwa kwenye nguzo yenye matundu, na juu ya reli kuna bao la kulalia lenye magurudumu madogo. Unalala chali, unakanyaga kibao kilicho chini, unasukuma, na bao linapanda nawe. Ukipenda, unavuta kamba zilizopitishwa kwenye kapi za juu ya nguzo, na bao linapanda vilevile. Ukiegemeza reli kwenye tundu la chini, kazi ni nyepesi. Ukipandisha tundu, kazi inazidi. Hakuna chuma cha kunyanyua. Kaka alinieleza kwa simu kwa fahari ya mwenye duka: "Mzigo ni wewe mwenyewe."

Nilitafuta kasoro na nikazipata. Mpira wake ulinuka chumba kizima. Hewa yetu ya chumvi haikuchelewa kuzitia kutu skurubu, na magurudumu yakaanza kulia mpaka nikayapaka mafuta ya nazi. Ilikula nafasi ya kitanda kizima. Yote hayo nilimwambia kaka, naye akayapokea kama mtu anayeoshwa masikio.

Siku ya kwanza bao halikusogea. Baba alisukuma, uso ukamwiva, akacheka mpaka tukacheka sote. Lakini hakuacha. Kila baada ya Alasiri alijilaza pale, mimi nikishika kibao kisiteleze. Bao likasogea kidogo, kisha likapanda nusu, kisha likapanda lote. Tukahamia tundu la pili. Tukahama tena. Kila tulipohama Mama alipiga kigelegele chembamba cha utani, na Baba akajifanya amekasirika. Mwili nao ukapungua, kama daktari alivyotaka. Mimi nisiyependa kitu nilirekodi sauti yangu kwenye simu nikamtumia kaka: nakubali, hii imenishinda kuikosoa, mzee wangu anapanda. Akawatumia wateja.

Kisha ikaja Ijumaa ile. Baba alishuka. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na mkono mwingine hakumpa mtu. Nilimtangulia kinyumenyume, naye akaniambia niondoke mbele yake kwa kuwa namzibia ndia. Baada ya swala watu walimzunguka barazani. Mashallah, walisema, umepungua, umekuwa kiyana. Alikaa nao mpaka Alasiri. Sijawahi kumwona na furaha ile, na nikiikumbuka sasa nataka kupiga kitu.

Alipopanda tena juu, Mama alikuwa amempikia biriani ya kumpongeza. Alikula matonge mawili akasukuma sahani. "Sina ndaa," alisema. Mama akanivuta jikoni, akaniambia kikoi cha Baba sasa anakizungusha kiunoni mpaka kinakwisha, na kwamba mtu huyu hali, anapungua tu. Nikamwambia kwani si ndivyo daktari alivyotaka. Mama akaifunika biriani.

Asubuhi moja nilikuwa nayafuta magurudumu. Reli zilikuwa kwenye tundu la juu kabisa, pale Baba alipofikia. Sijui nini kilinituma, nikalala nisukume mwenyewe. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, napanda zile ngazi na ndoo za maji kila siku ya Mungu. Nilisukuma, bao likapanda kwa shida. Nikajaribu mara ya pili, likanishinda nusu ya safari. Nikalala pale nikitazama boriti za dari na kujiuliza mtu mwenye magoti yale anawezaje kitu ninachoshindwa mimi. Jibu lilinijia lenyewe, na sikutaka lije. Mashine ile haina mzigo wake. Baba hakuwa akipata nguvu. Alikuwa akiisha, na jinsi alivyoisha ndivyo alivyopanda, sisi tumesimama pembeni tukimpigia vigelegele.

Nilimpigia kaka. Kabla sijamaliza alianza kushangilia, akidhani nampa habari ya tundu la juu. Nikamweleza tena, polepole. Akasema tumpeleke Mombasa, hospitali kubwa, upesi.

Siku tuliyotakiwa kumpeleka Mombasa, Baba hakuweza tena kushuka. Tulimwita mchukuzi mmoja kutoka gatini, mtu wa makamo, tukamwambia atafute wenzake. Alimtazama Baba, akasema hapana haja. Alimpandisha mgongoni na kushuka naye peke yake, bila hata kupumzika kwenye kona. Baba alifumba macho ngazi zote. Nilikuwa nyuma na viatu vyake mkononi, nikaomba magoti yamgome yule mtu, aite msaada, walau aseme kwamba mzee ni mzito. Hakusema.

Madaktari walisema ni saratani ya tumbo, imekwisha kuenea, tumrudishe nyumbani. Tulimrudisha kwa ndia ileile ya Mokowe, na ngazi akapandishwa kwa mgongo uleule.

Sasa analala chumba kimoja na mashine. Kaka alitaka kuja kuiondoa, Baba akakataa. Ile sauti yangu niliomba ifutwe, na kaka akaifuta, lakini ilikwisha kusambaa. Binamu yangu aliisikia juzi kwa jirani yake: mzee wangu anapanda. Kuna watu huko wananunua kwa neno langu. Sina dua tena ninayoiomba kwa moyo wote. Naswali kwa kuwa wakati umefika, nakunja msala, narudi kumgeuza ubavu.

Ijumaa iliyopita, hotuba ilipoanza, aliniita. Alitaka alazwe kwenye bao. Mama akatikisa kichwa, nami nikamnyanyua. Nilimnyanyua mwenyewe, mikononi. Nikamweka miguu kwenye kibao na kuziegemeza reli kwenye tundu la chini, akaona.

"Tundu la yuu," alisema.

Nikapandisha. Akasukuma. Vidole vya miguu vilijikunja, mshipa ukamsimama shingoni, bao halikutikisika. Akasukuma tena. Nilikuwa nyuma ya kichwa chake, asipoweza kuniona. Nikaishika kamba nikavuta, kwa mkono mmoja, na Baba akapanda mpaka mwisho wa reli. Magurudumu hayakulia.

"Nimesukuma mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, Baba."

Akapumua. "Basi Ijumaa iyayo nitashuka, wala sibebwi na mtu."

Nikamwambia inshallah. Kamba bado nilikuwa nimeishika, nikiogopa kuiachia.