Gari Lisilopakia Mtu

Jirani yangu ana gari la familia, lenye nafasi ya kutosha ukoo mzima, na viti vyake vyote bado vimevaa nailoni za dukani. Jioni husimama nalo getini, kiganja juu ya boneti kama anayepima homa, akibishana na wenzake toleo jipya litatoka lini na kwa bei gani.

“Likitoka hilo, lako utaliuza bei ya baiskeli!”

“Thubutu! Langu bado mwari.”

Sisi tulinunua kitu tukakitumia mpaka kikatufia mikononi. Siku hizi mtu humtunzia mnunuzi asiyemjua. Juzi mama mzazi wa jirani, aliyekuja kuwaona wajukuu, alikuwa anarudi kwao. Akaenda moja kwa moja kushika mlango wa gari la mwanawe.

“Mama, nimekuitia teksi,” jirani akasema kwa sauti ya chini. “Hili nikilitembeza sasa litashuka thamani.”

Bibi akauachia mlango. “Haya, baba, litunze. Mimi toleo jingine sina.”

Wenzake jirani waliokuwa pale getini wakacheka, naye akacheka. Teksi ilipoondoka aliifuata kwa miguu mpaka kwenye kona, funguo za gari zikilia mfukoni.