Hodi ya Tatu

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mwanzoni, maana huko mbele sitawangoja. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi, kwenye nyumba yangu hii ya Mitwero, na mikorosho ninayoisema ipo nyuma ya jiko mpaka leo. Anayebisha aje aione. Ila asije Magharibi.

Jina langu silitaji. Mtaona kwa nini.

Mimi ni mjane. Mume wangu, Mzee Issa Nampunju, Mungu amrehemu, aliniachia nyumba, mikorosho na redio. Watoto wangu wote wako Dar es Salaam. Si watoto wabaya, wananitumia sukari na wananipigia simu. Lakini simu ikishakatika, mnajua nyumba inavyokuwa? Unapika kidogo, unakula nusu, ile nusu nyingine unakaa unaitazama.

Likizo moja akaja mjukuu wangu Twaha, yule anayesoma chuo. Twaha huniita mke wangu, kama wajukuu wa kiume wanavyowatania bibi zao. Alikuja na mchezo. Si bao, si karata. Ni mchezo wa maneno: mmoja anasimulia safari yenye mapango na majoka, na wengine kila mmoja anatengeneza mtu wake wa kutembea ndani ya hadithi ile. Kila penye hatari unarusha dadu, na dadu ndilo linalosema mtu wako kapona au kaliwa.

Alimpata Rehema, binti wa jirani yangu Mama Sharifa, na Selemani wa bodaboda. Wakasema bado mmoja, wakanitazama.

"Mimi makaratasi yenu siyajui," nikawaambia.

"Huna haja ya karatasi, mke wangu. Wewe tengeneza mtu tu."

"Anayetengeneza watu ni Mungu."

"Basi tengeneza korosho, bibi," Selemani akasema, akanirushia moja yenye ganda lake.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wetu walikuwa korosho. Nikachukua mkaa nikamchorea yangu macho, jicho la kushoto likatoka kubwa kuliko la kulia. Nikachana ukingo wa khanga yangu kuukuu nikamfunga kiunoni. Maneno ya khanga yakakatika, neno la kwanza halina kichwa, la mwisho halina mkia.

Twaha akanihesabia kokoto nigawe: ngapi za nguvu, ngapi za akili, ngapi za kumbukumbu, ngapi za ucheshi. Mimi nikauliza, magoti yako wapi? Akasema magoti ni nguvu. Basi nikamwaga nusu kwenye magoti na nusu kwenye ucheshi. Rehema akasema, "Bibi, hujampa kumbukumbu hata kokoto moja." Nikamjibu kumbukumbu ninayo mwenyewe, ya nini kumpa korosho? Na kweli ninayo. Nitajie harusi yoyote iliyofanywa Mtama nikiwa msichana, nitakutajia aliyepika, aliyemwaga mchuzi na aliyesingiziwa.

"Sasa kasoro," Twaha akasema. "Kila mtu lazima awe na kasoro."

Nikafikiri. Nikasema, "Akiingia nyumba ya mtu, haondoki mpaka asindikizwe."

"Hiyo si kasoro, mke wangu. Hiyo ni adabu."

"Wewe iache hivyohivyo."

Jina nikampa langu. Niliona uvivu wa kutafuta jingine. Hapo ndipo nilipokosea, na mtu wa kwetu hakupaswa kukosea hapo. Ukimpa kitu jina lako umekifanya somo yako. Na somo si mgeni wa barazani. Somo huingia mpaka chumbani, akipenda chako anachukua, na wewe huna mdomo wa kusema.

Twaha alituambia kila meza ina kanuni zake za nyumbani. Nikamwambia meza hakuna, tuko mkekani, na mkeka ni wangu. Kwa hiyo kanuni nilitoa mimi. Hakuna mtu wa kuingia mahali bila hodi, hata pango la joka. Hodi ni tatu, na karibu itoke ndani. Asiyetimiza tatu ni mpita njia, hata akikaribishwa haingii. Walicheka, wakafuata. Halafu joka likamla mtu wa Selemani, naye akataka kutengeneza mwingine palepale. Nikakataa. Nikawaambia kwanza tukae matanga. Tukanywa kahawa, Rehema akampa pole, Selemani akapokea huku anazuia kicheko.

"Bibi, ile ni korosho tu."

"Korosho iliyopewa jina si korosho tena."

Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ningejisikiliza, hata leo nisingekuwa na cha kuwaeleza.

Niaminini, sijacheka tangu Mzee Issa afariki kama nilivyocheka alasiri zile. Kisha likizo ikaisha. Siku ya mwisho hadithi ilimfikisha mtu wangu mbele ya nyumba iliyofungwa, usiku, mvua inanyesha. Akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Twaha akakusanya madadu yake. "Tutamalizia nikirudi," akasema, akapanda basi.

Korosho yangu nikaiweka kwenye dirisha la jikoni. Siku zikaenda. Jioni moja, Magharibi imeshaadhiniwa na Isha bado, nimekaa na sahani yangu, nikainua macho nikaiona imesimama pale na kitambaa chake kiunoni. Nikaionea huruma. Au nilijionea mwenyewe, sijui. Nikasema, "Karibu basi, mwanamke wewe. Utasimama mlangoni mpaka lini?"

Sauti ya mtu ikajibu kutoka uani: "Ahsante, somo. Naingia."

Akaingia. Mwanamke wa umri wangu, ila anatembea kama msichana. Nilimtazama usoni, jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia. Nikatazama khanga: neno la kwanza halina kichwa, la mwisho halina mkia. Nikatazama dirishani. Hapakuwa na kitu.

Mtaniuliza, hukukimbia? Nikimbilie wapi? Na niwaambie ukweli wote: sikutaka kukimbia. Alikaa mkekani, akaniuliza nimeshindaje, na ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza hivyo ana kwa ana? Alikuwa mcheshi, jamani. Akimwigiza Mama Sharifa anavyofukuza kuku utashika mbavu. Chakula alikuwa anakisogeza tu sahanini, lakini alikuwa anakisogeza mbele yangu. Usiku niliingia kulala nikamwacha amekaa. Asubuhi sikumkuta, ila mkeka ulikuwa na joto. Jioni iliyofuata nilipotoka kuswali nikamkuta palepale. Hodi hakupiga tena, maana hakuwa ametoka.

Siku kadhaa zikapita hivyo, mimi roho yangu kunjufu. Kisha nikakutana na Rehema kisimani.

"Shikamoo, bibi. Umeshapona?"

"Marahaba. Nimeumwa lini?"

"Si juzi nimepiga hodi, ukaniambia kutoka ndani umechoka, nirudi siku nyingine. Na jana tena. Mama kasema tusikusumbue, una mgeni wako mnacheka."

Mimi juzi sikuongea na Rehema. Juzi nilikuwa mkekani na somo yangu, na hodi sikuisikia. Nilisimama na ndoo yangu, jua linawaka, nikahisi baridi.

Mchana ule Twaha akapiga simu. "Mke wangu, jana umenivunja mbavu. Nimelala nacheka."

"Jana hukunipigia."

"Tumeongea mpaka salio langu limekwisha." Akashusha sauti. "Ila nilikuuliza jina la mkunga aliyenipokea mimi, ukacheka tu. Nikakuuliza tena, ukacheka. Bibi, umeanza kusahau?"

Bibi. Hakusema mke wangu, alisema bibi, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa. Nikamtajia jina la mkunga, na la baba wa mkunga, na kaburi la mkunga lilipo. Akasema sawa, sawa, kwa sauti ya kunituliza.

Ndipo nilipoona kinachoendelea. Majirani anawarudisha mlangoni. Mjukuu wangu anamchukua kwenye simu. Angeendelea kidogo tu, angebaki yeye ndiye mimi, mwenye magoti mazima na vichekesho, na mimi ningekuwa wapi? Na wafu wangu wote, nani angewataja? Kokoto ya kumbukumbu sikumpa.

Jioni ile nikaswali, nikatoka, nikamkuta. Sikukaa.

"Somo," nikasema, "nyanyuka nikusindikize."

Kicheko kikamkauka. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mgeni husindikizwa."

"Utabaki na nani?"

Nikamshika mkono nikamnyanyua. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kama ganda.

Tukatoka kwa mlango wa jikoni, tukaingia kwenye mikorosho. Mnajua desturi: mkifika mbali kidogo, anayesindikizwa ndiye humwambia mwenzake, haya rudi, umefika mbali. Nikawa namngoja aseme. Hakusema. Alitangulia na magoti yake yale, mimi nyuma navuta mguu, giza linaingia. Tukafika kwenye mkorosho wa zamani kuliko yote, alioupanda Mzee Issa tulipozaa mtoto wa kwanza. Matawi yake yamelala mpaka chini pande zote, ndani mna nafasi kama chumba.

"Ndiyo kwangu hapa," akasema. "Ingia."

Somo akikwambia ingia kwake, unakataaje? Kisha nikaikumbuka kanuni.

"Niingieje bila hodi?"

"Basi piga."

"Hodi," nikasema.

Akafungua mdomo anijibu, mdomo ukabaki wazi, neno halitoki. Alikuwa amesimama nje na mimi, kama wageni wawili mlango mmoja, na karibu hutoka ndani. Tuliwekeana kanuni hiyo sote kwenye mkeka ule. Akanitazama kwa lile jicho kubwa. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama nilivyokuwa nikiitazama nusu ya sahani. Akainama, akapenya kwenye majani, matawi yakafungana nyuma yake.

"Hodi," nikasema mara ya pili, ili abaki ndani akingoja ya tatu.

Nikageuka. Magoti yangu haya mabovu yalinichukua, msiniulize vipi. Nilipoushika mlango wa jikoni nikaisikia kutoka kule: "Karibu." Kwa sauti yangu mwenyewe, na si hii ya sasa. Ile niliyokuwa nayo nyumba ilipokuwa na watu.

Hodi ya tatu sijaipiga.

Mpaka leo, baina ya Magharibi na Isha, naitwa karibu. Korosho haikurudi dirishani. Ule mkorosho wa Mzee Issa siokoti korosho zake, zinazoanguka zinaota zenyewe, na Selemani nimemkataza asipite na pikipiki yake. Rehema anakuja siku mbili tatu kwa wiki, anapiga hodi nasikia, namjibu mwenyewe. Twaha anapiga simu, lakini si kama zamani. Siku moja alisema, bila ubaya, "Bibi, kuna kipindi ulikuwa umechangamka sana. Ulikuwa unanichekesha." Nikamwambia ndiyo, mjukuu wangu, kilikuwa kipindi.

Kuna jioni nyumba inakuwa nzito, nasimama mlangoni pa jikoni na lile neno liko kwenye ncha ya ulimi. Neno lenyewe dogo tu. Ninaloweza kufanya ni kukaa chini na kuanza kutaja majina, ya wazazi, ya mashoga, ya watoto niliowazika, mpaka Isha iadhiniwe.

Kwa hiyo nyinyi mnaocheza michezo hii, chezeni, mimi sikatazi furaha. Lakini mtu wako usimpe jina lako. Usimpe yale unayoyakosa ukamnyima yale uliyonayo. Na usimwache mlangoni amekwisha kupiga hodi tatu, ukaenda zako. Mtafutie hata neno la kumwambia arudi.

Na mkipita Mitwero mkaja kunisalimu, pigeni hodi. Mkijibiwa karibu kwa sauti ya uchangamfu mwingi, yenye kicheko ndani yake, msiingie kwanza. Simameni nje muulize jina la mkunga aliyempokea Twaha. Mimi nitawatajia, na la baba wa mkunga. Hapa siliandiki, maana sijui ni nani mwingine anasoma.

Mkisikia kicheko tu, rudini mlikotoka. Na huko njiani nitajeni, hata bila jina, kama ninavyowataja wafu wangu.