Kona ya Kitambaa cha Altare

Sisi wasichana tuliochumbiwa tulifungiwa katika chumba cha ushonaji cha misheni moja karibu na Kasongo mpaka siku ya ndoa. Masere, mtawa aliyetufundisha, alikuwa na buku la michoro ya kudarizi iliyochapwa Italia zamani sana. Tulinakili mchoro kwenye karatasi, tukatoboa mistari yake kwa sindano, kisha tukapitisha unga wa makaa juu ya matundu ili alama zibaki kwenye kitambaa.

Mwezi wa saba wa kufungiwa nilichoka kufuata matundu. Kwenye kona ya kitambaa cha altare nikadarizi misuko ya mkeka wa mama yangu.

Masere akauliza, “Hii iko ukurasa gani?”

“Haiko mu buku, masere. Iko ya kwetu.”

Akanipa mkasi. Nilifumua kona yote mbele ya wenzangu, na ndoa ikaahirishwa mpaka nimalize upya. Mchumba wangu alikuja kutoka Kabambare kwa miguu, akarudishwa langoni.

Tulioana mvua zilipokwisha. Tulipotoka pale misheni nilitembea mbio hata mume wangu akauliza, “Nani anatufukuza?”

Sikuweza kupunguza mwendo.