Dalali wa nyumba yangu niliyempiga ofisini kwa mwenyekiti

Jina langu lisitokee, Tabora hii tunajuana mpaka kwa baiskeli. Nina miaka arobaini na tatu, nauza asali kwa jumla. Nilianza na ndoo moja ya mkopo, nikajenga nyumba ya vyumba vinne barabara ya kwenda Kipalapala. Matofali mimi, bati mimi. Mume wangu alichangia rangi ya sebuleni, na kwenye hati nikamwandikisha pamoja nami kwa heshima.

Mwaka huu tukakubaliana tuiuze, ninunue godauni. Akaniletea dalali, kijana mpole, shikamoo mama haiishi mdomoni. Nikamwambia, "Mkononi nataka milioni thelathini na nane. Cha juu utajua mwenyewe." Hapo ndipo nilipokosea, mimi ninayejua ndoo moja inatoa chupa ngapi. Nilidhani cha juu ni laki tano, ikizidi sana milioni. Kazi ya dalali si kuleta mteja? Kumbe ukishasema "mkononi", bei umemwachia yeye.

Siku ya kuandikiana mimi, mume wangu na dalali tukakutana na mnunuzi ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyo mnunuzi, mzee mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, akaguna, "Mama, hamsini na mbili kwa nyumba isiyo na uzio! Umenikamua."

Nikamgeukia dalali. "Hamsini na mbili?"

"Mama, si ulisema thelathini na nane? Yako ipo."

Kumi na nne! Mlango wa ile ofisi hukazwa kwa nondo. Niliishika nikamchapa nayo mkononi, nikasikia mfupa unalia. Akaanguka, nikampiga bega, nikampiga mgongo. Mwenyekiti anapiga kelele, "Utaua wewe!" Dalali akainua uso: "Mama, usiniue! Mume wako..."

Hakumaliza. Mume wangu aliruka akampiga teke la mdomo, la pili, la tatu. Meno mawili yakatoka, taya likavunjika. Ndugu zangu, nilifurahi. Nikasema leo kanitetea.

Mzee akaondoka na hela zake. Wiki iliyofuata nikaenda hospitali kumwomba dalali radhi. Taya limefungwa waya, hasemi. Akaomba kalamu, akaandika kwa mkono mzima: "Saba zangu, saba zake. Bei alipanga yeye." Nikaelewa yale mateke yalikuwa ya nini.

Jana mume kaniambia, "Polisi sema ulimpiga peke yako, mwanamke watakuhurumia. Nikifungwa mimi nani atalinda mali?"

"Mali ipi? Zile saba?"

Akanikaba ukutani mpaka jirani akaja kugonga. Bado nameza mate kwa shida.

Kesho natakiwa kituoni kutoa maelezo. Mwenyekiti ni mtani wa mume wangu, anasema hakuona kitu. Mkono wa yule kijana niliuvunja mimi, sikatai. Nikisema yote tunafungwa wawili. Nikinyamaza nafungwa mimi, naye anabaki na hati yenye jina lake, na madalali hapa mjini hawaishi. Mliowahi kusimama mahakamani, niambieni leo, si kesho kutwa: nimtaje baba wa watoto wangu, au nibebe peke yangu?