Kwa Nini Niliikimbia Kota ya Saruji

Siku ya kwanza ya kazi niliteremka kwenye garimoshi pale Same nikiwa na sanduku la bati, mwavuli mweusi na gauni jeupe lililopigwa pasi kwetu Suji, milimani Upareni. Kabla sijavuka reli, gauni lilishakuwa rangi ya vumbi. Upepo wa Same hauna adabu, haukuulizi umetoka wapi. Nilijipangusa, nikainua kidevu, nikaenda moja kwa moja zahanati ya serikali kujitambulisha: Namsifu, mkunga mpya mwenye cheti, binti wa kwanza wa kijijini kwetu kukabidhiwa wodi. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno kidogo.

Zama hizo zilikuwa za Mwingereza. Mkubwa wa mambo yote ya tiba pale alikuwa Bwana Mganga wa Wilaya, Mzungu mrefu aliyetembea kama mtu anayewahi treni. Chini yake alikuwapo dresa, ndivyo tulivyomwita mtu aliyefunzwa kusafisha vidonda, kupiga sindano na kugawa dawa. Dresa wetu alikuwa Bwana Anaeli, mtu nadhifu, mcheshi, mpenda mji kuliko ninavyopenda makande, na makande nayapenda sana.

Bwana Anaeli ndiye aliyenionyesha wodi ya wazazi. Ilikuwa mpya, bado inanuka chokaa. Vitanda vya chuma, beseni za kutakasia mikono, stovu ya mafuta ya taa ya kuchemshia mikasi na nyuzi za kufungia kitovu. Nilikuja na kipembe changu cha mbao, kile unachokiweka juu ya tumbo la mama na kutega sikio upate kusikia moyo wa mtoto. Vijana wa leo mna mashine zinazoonyesha kila kitu kwenye kioo. Sisi tulikuwa na masikio na vidole, na Sista Mkuu aliyetufundisha kule misheni alitukagua kucha kila asubuhi kabla ya sala. "Mkunga mwenye kucha ndefu," alikuwa akisema, "abaki nyumbani akasuke mikeka."

Kisha nikaonyeshwa kota, yaani nyumba ya mtumishi wa serikali. Loo! Sakafu ya saruji, bati juu, bomba uani. Mbele yake soko, kulia maduka, kushoto barabara ya stesheni. Ukiishiwa sabuni, unavuka tu unanunua.

"Hapa ndipo mahali pa mtu aliyesoma," Bwana Anaeli akaniambia. "Taa za duka unaziona kitandani kwako."

Nikahamia. Nikatandika vitanda vya wodi, nikachemsha mikasi, nikangoja wazazi. Hawakuja. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Aliletwa mke wa karani, akaja mke wa mtu wa reli, basi. Wanawake wa milimani, ambao wodi ilijengwa kwa ajili yao, walikuwa wakizaa huko huko juu, na habari za waliofia uzazini zilitufikia kila siku ya soko. Nilikuwa nikizisikia nikiwa nimekaa katikati ya vitanda vitupu vilivyotandikwa vizuri. Iliniuma. Nilisomea kazi hii ili wasife.

Bwana Mganga alidhani hawajui. Akaitisha baraza pale sokoni, akasimama juu ya sanduku, na karani akatafsiri kwa Kipare: wenye mimba wote waje wodini, wasione haya. Wanaume wakasikiliza kwa heshima, wakatazamana, wakacheka. Tangu siku hiyo hata wale wawili watatu waliokuwa wakichungulia getini hawakuonekana tena.

Akaniita ofisini. "Mkunga, serikali haiwezi kuweka nyumba tupu. Mvua za vuli zikiisha na hali ni hii, wodi itakuwa stoo ya mbegu, na wewe utarudi misheni. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilitoka, nikapita sokoni kununua ndizi kwa mwanamke mmoja mtu mzima aliyeitwa Mama Nakijwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso kama umemeza shubiri?"

Nikamweleza. Akaangua kicheko, akaacha kupanga ndizi zake. "Na wewe ni mtoto wa Suji? Nani alikulea? Hebu tazama mlango wako unaelekea wapi."

Nikatazama. Mlango wa kota, na geti la zahanati karibu yake, vilielekea sokoni.

"Siku ya soko baba wakwe wote wa milimani wamejaa hapo," akasema. "Mwanamke wa Kipare aliye karibu kujifungua atapitishaje tumbo lake mbele ya baba mkwe? Kisha aseme anakwenda kuzaa, ajitabirie siku, alete mkosi? Wamekujengea penye macho, mwanangu. Ungekuwa unakaa kwetu kule ng'ambo ya korongo, mbona tungekuja kukusalimia. Kuna mtu anayekatazwa kwenda kusalimia?"

Maneno hayo nililala nayo. Asubuhi nilikwenda ng'ambo ya korongo kuona. Korongo lile ni bonde kavu linalotoka mlimani na kuukata mji pembeni, mwaka mzima ni mchanga mtupu. Ng'ambo yake, pale mlima unapoanza, ndipo njia ya kutoka milimani inapoteremkia. Mama Nakijwa alikuwa na kibanda cha udongo uani kwake, cha mwanawe aliyekwenda Tanga kwenye mkonge. Sakafu ya udongo, paa la nyasi, maji ya kubeba kichwani. Na mwendo wa kwenda wodini si wa kitoto.

Nikachagua kibanda. Bwana Anaeli alishika kichwa. "Dada Namsifu! Watu wanahonga wapate kota, wewe unakimbilia porini kukaa na mbuzi?"

"Mbuzi hawanicheki," nikamjibu.

Lakini msidhani kuhamia mahali ni kutua mzigo tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wiki ile ile pembe ikalia mlimani. Kwa Wapare pembe ile ni msaragambo, kazi ya wote: kila nyumba inatoa mtu, iwe ni kuzibua mfereji au kutengeneza njia. Nyumba isiyotoa mtu hukosa watu siku yake ya shida. Nami kibandani nilikuwa nyumba, tena nyumba ya mtu mmoja. Nikaazima jembe, nikaenda kuzibua mfereji.

Wanawake waliniona wakaanza. "Jamani, daktari anachimba! Shika vizuri, mama, huo si mkasi!" Mikono ikanichubuka, mgongo ukaniwaka, nikachimba hadi kipande changu kikaisha. Jioni mmoja wao akanipa kibuyu cha maziwa na kuniuliza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, mtoto akigeuka vibaya tumboni unamsikiaje. Nikamwambia, "Njoo kesho unisalimie, nitakuonyesha."

Akaja. Akaja na wifi yake. Kisha wakaja wa mbali zaidi, wamebeba ndizi na maharage kama wageni wowote, "tumekuja kumwona dada." Wale ambao siku zao zilikaribia niliwalaza kwa Mama Nakijwa, wakisaidia kupukuchua mahindi, na uchungu ulipoanza tuliwapitisha pembeni kwenye njia ya nyuma, tukaingia wodini kwa kuinua seng'enge. Baba wakwe walinywa kahawa sokoni bila kujua lolote. Vitanda vyangu vikaanza kuwa na watu. Kila mtoto aliyelia mle ndani, nami rohoni niliimba.

Siku moja Bwana Mganga akaja kukagua, akakuta kota imefungwa kufuli. Akauliza, akaelekezwa. Nikashtukia amesimama uani kwetu, soksi zake ndefu zimejaa miba ya kishonanguo, mbele yake wanawake watatu wenye matumbo makubwa na kapu la mahindi.

"Mkunga, kwa nini hukai kota?"

"Kota ipo karibu na wodi, Bwana Mganga, lakini ipo mbali na wazazi."

"Na mke wa mtu wa mjini akipata uchungu ghafla? Nani atamsaidia wakati wewe uko huku?"

Hapo alinishika, na nasema kweli, swali lake lilikuwa la haki. Akatembea huku na huku, akawatazama wale wanawake, akaitazama njia ya mlimani. Mwishowe akatoa amri mbili. Kwanza, seng'enge ya nyuma ikatwe, liwekwe geti upande wa mlima. Pili, kipande cha reli kitundikwe mbele ya wodi na kigongwe mkunga anapohitajiwa.

"Ukiitwa usipofika," akasema, "siku hiyo hiyo unarudi kota, na mambo haya ya wageni yanakwisha. Mama wa mjini naye ni mama."

Basi, sharti hilo likawa kama panga shingoni mwangu. Kila reli ilipogongwa nilikimbia, hata kama tonge lilikuwa mkononi. Nikafika kila mara.

Vuli ikaingia. Mchana mmoja kulikuwa na wingu zito juu ya milima ingawa Same yenyewe jua linawaka. Reli ikagongwa, na safari hii mpigaji aliipiga kama mwendawazimu. Nikachukua mkoba wangu nikakimbia. Nilipofika korongoni moyo ukanipasuka. Lile bonde la mchanga lilikuwa linanguruma maji ya udongo kutoka mlimani, yamebeba matawi na mawe. Ng'ambo ya pili amesimama mtumishi wa zahanati, anapunga mikono, anapiga kelele: "Mke wa Bwana Anaeli! Mtoto anakuja!"

Nilitia mguu, maji yakauvuta. Nikarudi nyuma. Nikasema moyoni, Namsifu, leo mtu atakufa kwa sababu ulichagua kibanda. Nililia, sioni haya kusema.

Nyuma yangu nikasikia pembe. Mama Nakijwa alikuwa amesimama kwenye kichuguu anaipuliza hadi mishipa ya shingo imemtoka. Watu wakatoka mashambani na majembe yao, wakidhani mfereji umebomoka. Hapakuwa na maelezo mengi. Wakafunga kamba ya ng'ombe kwenye mti, wakashikana mikono, wanaume kwa wanawake, wakaingia majini mstari mmoja hadi mstari ukagusa ng'ambo. Nikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, mkoba umefungwa kichwani kwa kanga. Katikati maji yalinifika kifuani. Yule yule aliyenicheka kwa kushika jembe vibaya ndiye aliyenishika kiuno, akiniambia, "Usitazame maji, mama, nitazame mimi."

Nikaingia wodini natiririka tope. Nikanawa hadi viwikoni kama Sista Mkuu alivyotufundisha, haraka lakini bila kuruka kitu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka na kitovu kimemzunguka shingoni, kimekaza. Hapo huvuti. Unabana sehemu mbili, unakata katikati, unamfungua, kisha ndipo unampokea. Alitoka wa buluu, kimya. Nikamsafisha kinywa, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi kidogo kidogo za mashavuni. Bwana Anaeli alikuwa ameegemea mlango. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia kwa hasira.

Bwana Anaeli akakaa chini sakafuni. Akasema, "Dada, wale wa porini wako nje? Waambie waingie wapate chai."

Maji yalipopungua, pembe ililia tena. Tukakata magogo, tukatengeneza kivuko juu ya korongo, na Bwana Anaeli alikuwa wa kwanza kufika, na jembe jipya lenye alama ya dukani bado. Bwana Mganga alipokuja mara nyingine alikipita kivuko mara mbili, kwenda na kurudi, akikikanyaga kwa nguvu. Akaniambia, "Kaa unapokaa, Mkunga." Wodi haikugeuzwa stoo.

Baadaye nilihamishiwa Kisiwani, kisha Kihurio, kisha bendera ikabadilika nikarudishwa Same, na kibandani kwa Mama Nakijwa, chini ya Mganga Mkuu mwenye rangi yangu. Kila kituo nilipewa nyumba mjini, na kila kituo niliuliza kwanza: wazazi wanapita njia gani? Juzi mjukuu wangu muuguzi kapata uhamisho, ananiuliza apange katikati ya mji penye umeme na maduka, au pembeni penye hewa na kodi nafuu. Nikamwambia, mjukuu wangu, kabla hujaangalia nyumba simama njiani utazame watu.

Siku niliyostaafu walinipa hotuba na soda pale zahanati. Nikarudi kwenye kibanda cha Mama Nakijwa nikiwa bado na gauni la sherehe, nikijiuliza mzee mimi, asiye na nyumba, sasa nitakwenda wapi. Pembe ikalia. Nikasema, hata leo? Lakini nyumba ni nyumba, nikachukua jembe langu nikafuata mlio.

Nilikuta watu wamejaa kwenye kiwanja jirani na kivuko. Miti imesimamishwa, udongo umerundikwa, maji yanabebwa kwa ndoo. Bwana Anaeli, kichwa cheupe, anasimamia kama mnyapara. Kando yake kijana wake, yule wa buluu, sasa mwanaume mwenye ndevu, yuko juu ya ngazi anapiga misumari.

Mama Nakijwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho yameshafifia, lakini aliijua hatua yangu. "Weka jembe chini, mwanangu," akasema. "Leo kila nyumba imetoa mtu. Hii ni ya kwako."

Nilisimama pale nikalia mbele ya baba wakwe wote wa milimani. Kisha nikapandisha gauni langu la sherehe, nikafunga kanga kiunoni. Jembe sikuliweka chini. Niliingia kwenye udongo nikachanganya nao.