Alama Niliyoliwekea Shamba la Mama

Ni mimi niliyeifundisha mashine kwamba shamba la mama yangu lina ugonjwa. Kwa miezi nilidai ilijifunza yenyewe. Nilieleza hivyo kwa maneno makubwa ya chuo kikuu, na watu walinikubali kwa kuwa hawakuyaelewa. Hata mimi sikuyaelewa sana.

Nilikuwa nimeajiriwa Mbarara, na mradi mdogo wenye ofisi mtaa wa Ruti, ulionunua muhogo wa wakulima. Tulikuwa tunatengeneza akili bandia: wakala anapiga picha ya mmea kwa simu, mashine inasema mzima au mgonjwa, na lori linakuja au haliji. Ili ijue tofauti, watatu tulishinda mbele ya kompyuta tukiziwekea picha alama.

Siku moja zikaja picha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mihogo yenye vilele vitupu. Niliitambua mara moja. Mikono ya wanawake wa Kivu ilikuwa imepita pale ikichuma majani machanga ya sombe, mboga yetu ya kisamvu. Mama alichuma hivyo huko Rubondo, ndani ya kambi hiyo, tangu tulipokimbia Kivu mwaka 1996. Mwenzangu, mzaliwa wa Mbarara, ambako majani ya muhogo huachiwa mifugo, aliuliza ni mdudu gani huyo. Mwingine akasema labda wakimbizi wanashindana na mbuzi. Tukacheka, mimi kuwashinda wote. Nilikuwa nimewaambia kwetu ni Kasese, si kambini.

Nikaweka alama: mgonjwa. Picha baada ya picha, huku nikimeza mate. Nilikuwa na miezi sijaonja sombe. Mchana nilikula matoke kwa adabu, kisha nikirudi kwenye yale mashina matupu nasikia harufu ya mawese, na mchi wa mama ukitwanga uani, taratibu, kama mtu asiye na pa kukimbilia. Ningeacha kazi ile kwa sahani moja. Sikuacha, wala sikusema.

Msimu wa mavuno mama akanipigia simu nikiwa ofisini. Wakala wetu alikuwa amefika Rubondo, na simu yake imelikataa shamba. Hakuwa na hasira. Aliiamini ile simu kwa sababu ilitoka kwa watu waliosoma.

“Banasema ning'oe yote, nichome, isiambukize ya majirani. Nishaazima jembe. Weye ulisoma, mwana wangu. Ile telefone inasema kweli?”

Ningeweza kumwambia nitauliza.

“Inadanganya, mama. Ni mie niliifundisha. Using'oe hata moja.”

“Hukubaambia tunakulaka sombe?”

“Sikubaambia.”

“Ulikuwa unaogopa nini?”

Nyuma yangu vidole vya wenzangu vilikuwa vimetulia juu ya kompyuta. Nilikuwa nimesema kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, na hakuna Mkasese azungumzaye vile.

“Basi ubaambie leo,” mama akasema.

“Banasikia, mama. Bako hapa.”