Nilitunga majina ya krizi, sasa mama yangu anapika mbegu

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa milima ya Masisi. Jina lake tunalo sisi tu, na litabaki kwetu.

Bwana mhariri, na ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu, nawasalimu. Nina miaka ishirini na tisa, nina mke na watoto watatu, na kwetu si mbali na Mushaki. Mimi ni karani wa mizani kwa Bwana mmoja anayenunua pareto, yale maua meupe ambayo mama zetu huchuma na kukausha juu ya mikeka. Jumapili ni mzee wa kanisa letu dogo la kilimani. Kazi hizi mbili zimekutana ndani yangu zikaoza, na sasa nikisikia sauti yangu mwenyewe naona kinyaa.

Mwaka jana bei ilishuka kweli. Hapo sina lawama. Bwana aliniagiza niwaeleze watu kwa lugha yao, nikasimama juu ya sanduku nikasema bei imeshuka, wakanung'unika, wakauza. Miezi miwili baadaye ikafika barua kutoka Goma. Bwana aliniachia makaratasi niyapange, na Kifaransa nilichopata misheni kinanitosha: bei ilikuwa imepanda, imepita hata ile ya zamani. Nilifurahi kama mjinga! Nikamkimbilia kumuuliza Jumamosi tutangaze bei gani. Alikuwa anakula yai, wala hakuacha kutafuna.

"Karani, uliwaambia imeshuka? Basi bado inashuka. Lakini tafuta neno lingine, hilo wamelizoea."

Nikalitafuta. Hapo ndipo ninapotamani kujitemea mate, maana hakunipiga wala hakunitisha. Aliniahidi baisikeli tu. Nikawa natembea njiani nikichagua maneno kama mtu anayechagua mbegu. Jumamosi ya kwanza nikasema soko limelala. Ya pili nikasema bei imekonda. Halafu biashara inaumwa, halafu pesa imerudi kwao Ulaya. Mwisho nikaleta krizi, neno la Kifaransa la wenye shule, yaani msukosuko wa uchumi, nalo likafanya kazi kuliko yote kwa sababu watu waliona haya kuliuliza. Mzee mmoja tu ndiye aliyejaribu.

"Karani, hii krizi inatoka wapi? Itaisha siku gani?"

"Papa, iko mambo ya Ulaya. Hata Bwana inamuumiza."

Yule mzee akatikisa kichwa. "Basi umupe Bwana pole."

Nilipeleka pole hiyo. Bwana alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye. Baisikeli niliipata, nyeusi, ina kengele.

Mama yangu ni mjane. Shamba lake la juu ni pareto, la chini ni maharagwe na mihogo. Siku moja alikuja kwangu na wenzake, wamejifunga vitambaa kichwani kama wanaokwenda kanisani.

"Mutoto yangu, sisi tumeona hii krizi inashinda watu. Tutafunga siku tatu, tusali. Na weye njo utatuongoza."

Ningekataa kwa neno gani, mimi mwenye maneno mengi? Siku ya tatu nilipiga magoti mbele yao, nikamwomba Mungu ainue bei ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeikalia. Wanawake wale walikuwa na njaa, midomo imekauka, wanalia machozi ya kweli, nami nikapandisha sauti. Nilisali vizuri sana, ndugu zangu. Hilo linanitia kichefuchefu kuliko hata baisikeli.

Nikamweleza Bwana habari ya mfungo, nikidhani ataona aibu. Jumamosi akaongeza bei kidogo, bado mbali kabisa na ile ya barua. "Waambie Mungu wao amesikia," akasema. Nikapanda sandukuni nikawaambia. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata harusini kwangu.

Tangu hapo mama hashikiki. Juzi nilimkuta uani na kile kikapu chake cha mbegu za maharagwe. Kwetu mbegu huhifadhiwa kwenye majivu zisiliwe na wadudu, na hakuna anayezigusa mpaka siku ya kupanda, hata njaa ikiwa mlangoni. Yeye alikuwa amechukua vikombe viwili, anaziosha kwa maji.

"Mama, mbegu zinaoshwa kwa nini?"

"Hii kidogo naangalia kama inaiva muzuri. Zingine tutapika siku ya matoleo, mwisho wa mwezi wenye kuja, sisi wamama wote wa kilima. Huko chini tutapanda pareto mupaka kwenye mutoni. Mungu ameisha kujibu, maharagwe tutanunua."

"Na bei ikianguka tena?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepungukiwa imani. "Si weye uko hapa? Utatuombea."

Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika, sisemi kwa mfano.

Mke wangu ndiye peke yake anayejua. Ananiambia, "Baba watoto, nyamaza. Tubu kwa Mungu, usitubu kwa watu." Nikisema ukweli, kazi imekwenda, na Bwana ana marafiki katika ofisi ya serikali ambao watanifunga kwa kuchochea watu. Kanisani sitasimama tena. Mama atajua kwamba alifunga siku tatu kwa ajili ya uongo wa mwanawe, na sijui kama moyo wake utaweza. Nikinyamaza, kilima kizima kitakula mbegu yake kwa shangwe, mimi nikibariki chakula, kisha bei itakuwa lile neno nitakalotumwa kulisema.

Ninyi mlio mbali hamnijui, hamna sababu ya kunionea haya. Nitukaneni kwanza mkitaka. Lakini kabla sufuria hazijawekwa motoni, nishaurini: nifanye nini?